Wabannock, Niliowaita Watu wa Mkate

Wanangu, nitaanza na kosa. Sifa mtazisikia baadaye, maana mimi si mtu wa kuficha sifa zangu.

Nimefanya kazi ya kutafsiri hapa Bujumbura tangu nikiwa msichana wa kupiga taipu mpaka nimestaafu nikiwa bibi. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Rohero, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kirundi nilinyonya kwa mama, Kiswahili nilikiokota kwa majirani hapa Ngagara, Kifaransa niliingiziwa kwa fimbo shuleni. Kiingereza nilijifunza ukubwani, na ndicho nilichokiogopa siku zote. Leo mnakuja kunitembelea na simu zenu zinazotafsiri kabla mtu hajamaliza kusema, mnaniuliza, "Maman Goreth, kazi gani ulijivunia kuliko zote?" Mnangoja nitaje mawaziri. Apana. Ilikuwa kazi ya siku mbili katika ukumbi wa parokia, feni moja inazunguka na nyingine imekufa, na wengi wa waliokuja walikuwa wanawake wanaofinyanga vyungu.

Shirika moja dogo lilikuwa limekusanya Batwa wa upande wetu, watu waliokuwa hapa kabla yetu sisi wengine, na wenzao waliovuka kutoka Uvira, Kongo, wazungumze juu ya ardhi na kazi zao. Kwa kuwa Wakongomani hawakujua Kirundi, mkutano ukawa wa Kiswahili. Walialika pia mgeni kutoka Amerika, mwanamke wa kabila lililokuwa kule kabla Wazungu hawajafika. Nililetewa programu kwa Kiingereza ili niitie katika Kiswahili. Jambo la kwanza siku ya kwanza: utamaduni na historia ya watu wa Bannock.

Bannock. Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nikafungua kamusi yangu nene, nikalikuta: mkate wa shayiri, wa duara, usiotiwa hamira. Nikafurahi, nimelipata. Nikaandika kwa uhakika wote: "Mgeni wetu atatueleza utamaduni na historia ya Watu wa Mkate." Programu ikachapishwa, ikagawanywa.

Asubuhi ya mkutano ukumbi ulijaa kuliko tulivyotegemea. Mstari wa mbele alikaa Mama Venansiya, mfinyanzi niliyemfahamu kwa sura, kwa sababu vyungu vyake vilikuwa vikiuzwa sokoni kwetu. Mwanamke mfupi, mikono mipana, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alikuwa amekunja mfuko mtupu magotini. Mgeni alipokaribishwa tu, Mama Venansiya akanyoosha mkono.

"Maman, samahani. Mikate iko wapi?"

"Mikate gani?"

"Si mumeandika batu wa mukate? Mi nimeleta na mufuko ya kutia. Ile mwanamuke atatufundisha kupika, ao atatugawia?"

Ukumbi ukacheka. Mgeni wetu, jina lake Darlene, mama wa miaka sitini hivi, nywele za mvi zimesukwa mikia miwili, aliniuliza wanacheka nini. Wanangu, hapo mkalimani anaweza kusema uongo. Nilifikiria. Halafu nikamwambia ukweli: nimewaita watu wako mkate.

Darlene alicheka mpaka akavua miwani afute macho. Alisema si mimi wa kwanza. Hata kwao watu huuliza hivyo. Kisha akasimama, akalitamka jina ambalo watu wake wanajiita wenyewe, taratibu, akanitazama ili nilirudie. *Panakwati.* Wazungu walilisikia kwa masikio yao, wakaliandika walivyoweza, likaja kufanana na mkate wa bibi zao wa Uskochi. "Sisi hatutokani na unga," akasema, "tunatokana na nchi yetu." Nikaligeuza katika Kiswahili, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hapa nisimame kidogo niwaambie kuhusu Mzee Silvestri, maana ndiye aliyenifundisha kazi, na siku hiyo nilikuwa nimemwaibisha kaburini. Alikuwa mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, penseli nyuma ya sikio. Alinikuta nikiwa najivuna. Wiki yangu ya kwanza alinituma bandarini kwa wakala mmoja wa forodha aliyetaka orodha ya mizigo ya meli ya Kigoma iandikwe kwa Kiswahili. Yule wakala akanisomea Kifaransa haraka haraka, mimi naandika. Kwa Kifaransa glasi na minyoo hutamkwa sawasawa. Msinicheke. Wapakizi wote wa bandari walikusanyika kuangalia maboksi arobaini ya minyoo yanayosafiri kwenda Tanzania. Mmoja akaniuliza, "Dada, iko minyoo ya kula ao ya kuvulia samaki?"

Nilirudi ofisini nikilia. Mzee Silvestri hakunigombeza. Alisema, "Goreth, sikio linasikia kile ambacho linakijua tayari. Kwa hiyo jina la mtu, jina la mahali, na hesabu, usiviamini sikioni wala machoni. Mrudishie mwenyewe, herufi kwa herufi, mbele ya uso wake. Akikasirika, mwache akasirike."

Hiyo ndiyo kanuni. Nimewafundisha watu wengi. Na mimi mwenyewe niliivunja, tena si kwenye programu tu, kama mtakavyoona.

Basi Darlene akaeleza. Nami nikakalimani kama nilivyofunzwa: sikusema "anasema kwamba," nilisema "mimi," kwa sababu mkalimani anamkopesha mgeni mdomo wake, haongezi mdomo wa pili. Katika daftari sikuandika maneno, nilichora. Farasi. Samaki. Kitunguu. Mkijaribu kuandika kila neno mtaachwa nyuma. Michoro inakimbia pamoja na msemaji.

Alisema watu wake walikuwa na ndugu upande wa magharibi, wanaoelewana lugha, lakini wao walihama wakaja kuishi na majirani wanaoitwa Shoshoni, kando ya mto mkubwa wa Nyoka. Lugha mbili, moto mmoja. Watu wakioana, mtoto anakua na zote mbili. Wakongomani na Warundi wa ukumbini wakatazamana, wakaguna kwa kukubali. Nusu yetu tumelelewa hivyo. Walipopata farasi walikwenda mbali sana kuvuka milima kuwinda nyati, miezi mingi, wanawake na watoto pamoja. Walivua samaki wakubwa wanaopanda mto kutoka baharini. Na kila mwaka, theluji ikishaisha, walikwenda kwenye uwanda mpana kuchimba camas.

Camas ndiyo ile niliyoichora kama kitunguu. Ni tunguu la chini ya ardhi, dogo, jeupe. Ua lake ni la buluu, na maua yanapochanua pamoja, ukiyaona kwa mbali utadhani ziwa. Wanawake walichimba kwa mti uliochongwa ncha, mshikio wake pembe ya mnyama. Lakini kuna ndugu yake mwenye ua jeupe, na huyo ni sumu. Ua likishanyauka, huwezi kuwatenganisha kwa macho tu. Kwa hiyo mabibi walikuwa wakipita wakati wa maua, wakiwang'oa wale weupe, wakilijua shamba lao kama mtu anavyomjua mtoto wake.

Mama Venansiya akainuka tena. "Muulize, wanapika namna gani?"

Darlene akaonyesha kwa mikono: unachimba shimo, unawasha moto ndani, unatia mawe mpaka yawe mekundu, unapanga majani mabichi, camas, majani tena, unafunika na udongo. Unaacha siku mbili, siku tatu. Zinatoka nyeusi, tamu kama sukari guru.

"Ni sawa na kuchoma vyungu!" Mama Venansiya akapaza sauti. Akawageukia wenzake. "Munasikia? Shimo, majani, kufunika. Huyu mwanamuke ni wetu!" Wakapiga makofi. Darlene aliniomba nitafsiri, na nilipomaliza alitoka mbele akaenda kumshika Mama Venansiya mikono yote miwili.

Wanangu, nilikulia katika nyumba ambayo bibi yangu alinunua vyungu kwa Batwa, akapikia maharage ndani yake, na bado hakukubali kunywa kibuyu kimoja nao. Sisemi kwa kumtukana, amelala. Nasema ili mjue nilisimama pale katikati, mkono mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule, na niliona aibu na fahari kwa wakati mmoja.

Kisha sauti ya Darlene ikabadilika.

Alisema mwaka 1868 serikali ya Wazungu iliita wakubwa wa makabila kwenye ngome, wakaweka mkataba. Watu wake waliahidiwa watabaki na nchi yao, pamoja na ule uwanda wa camas. Mkataba ukaandikwa kwa Kiingereza. Mahali pa kuandika Camas, mwandishi akaandika Kansas. Kansas ni nchi nyingine kabisa, safari ya wiki nyingi, hakuna Mbannock aliyeomba kwenda huko. Labda alisikia vibaya. Labda hakulijua neno, akatia analolijua.

Nilipofika hapo nikaikumbuka kamusi yangu. Darlene alinisubiri. Nikajifanya nakohoa, nikaendelea.

Walowezi wakaja na ng'ombe na nguruwe, wakawaachia uwandani. Nguruwe wanachimba kuliko mtu. Wakala camas mpaka mizizi. Watu walipolalamika walionyeshwa karatasi: onyesheni mahali palipoandikwa kwamba uwanda huu ni wenu. Haikuandikwa. Na chakula walichoahidiwa badala yake hakikutosha. Miaka kumi baada ya mkataba, njaa na hasira vikazaa vita. Jeshi likawafuata milimani. Walikufa wapiganaji, na walikufa waliokuwa hawapigani. "Mama wa bibi yangu alikuwa msichana mdogo," alisema. "Alibebwa mgongoni. Kwa sababu aliishi, mimi niko hapa. Tuko bado. Tunaishi Fort Hall, katika Idaho, sisi na Washoshoni, lugha mbili, moto mmoja. Na bado tunakwenda kuchimba camas."

Mama Venansiya alikuwa ameukunja ule mfuko wake mpaka umekuwa kamba.

"Nguruwe," akasema taratibu. "Nguruwe ilikula chakula ya mama zetu, sababu ya neno moja."

Sasa sikilizeni kilichonipata mimi. Kesho yake, katika ukumbi uleule, kungekuwa na karatasi ya kutiwa sahihi. Wafinyanzi wa akina Mama Venansiya walikuwa wakichota udongo katika bonde moja la maji linaloitwa Kabumba, tangu babu zao. Wakulima wa mpunga walikuwa wamelitaka bonde lote. Baada ya mazungumzo ya miezi mingi komini, yaani serikali ya pale, ilikubali: mpunga ulimwe, lakini sehemu ya udongo ibaki kwa wafinyanzi, wachote bila kufukuzwa. Makubaliano yaliandikwa kwa mkono kwa Kirundi, nami nikapewa niyatie katika Kifaransa, maana nakala ya Kifaransa ndiyo itakayotiwa muhuri. Nilikuwa nimeyamaliza siku tatu kabla. Nilikuwa na haraka. Sikumwita mtu anisomee majina.

Siku ileile ya kwanza, wakati wa chai, nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua bahasha ya nakala ile ya Kifaransa. Ukurasa wa kwanza sawa. Ukurasa wa pili, kifungu kinachotaja mahali.

*Kabamba.*

Kabamba ni kilima cha mawe upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikienda kumwona dada yangu. Nilikijua, kwa hiyo macho yangu yalipoona herufi za mkono zilizobanana, yakasoma ninachokijua. Hakuna udongo wa kufinyanga Kabamba, hata wa kujaza kikombe. Niliwapa mawe watu wale, kwa Kifaransa kizuri kabisa.

Nilichukua makubaliano ya Kirundi, nikamfuata Mama Venansiya nje, alikokuwa akinywa chai na Darlene bila mkalimani, wakielewana kwa vidole.

"Mama, lile bonde lenu. Litaje jina."

"Kabumba."

"Herufi kwa herufi."

"Mi sijui herufi, maman."

"Basi lirudie polepole."

"Ka-bu-mba. Ya ibumba, udongo wetu. Utasema namna gani ingine?" Akaniangalia usoni. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Niliona uso wake ukijifunga. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tu, "Uwaambie. Wewe mwenyewe. Mbele ya batu wote."

Mshauri wa komini alikuwa ndani akipanga kalamu. Nilimwomba pembeni, kwa adabu zote. Akatabasamu. "Madame Goreth, ni kosa la taipu. Kila mutu anajua ni bonde gani. Karatasi zimeshapigwa muhuri, mkuu wa komini anakuja kesho asubuhi, apana tusumbue batu kwa herufi moja."

"Leo kila mtu anajua, Monsieur le conseiller," nikasema. "Wewe ukihamishwa, mimi nikistaafu, nani atajua?"

"Tutaandika kiambatisho baadaye."

"Baadaye lini?"

Akakunja uso. "Unajua unajichafulia jina? Mutafsiri wa kiapo anasimama kusema amekosea? Nani atakupa kazi tena?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilikuwa na muhuri wangu wa kiapo cha mahakama, nilioupata baada ya miaka mingi, na wateja waliokuja kwangu kwa sababu walisikia kwamba Goreth hakosei. Kisha nikarudi mbele, nikachukua kipaza sauti kabla watu hawajakaa vizuri.

Nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa ili mshauri asiseme hakusikia, na mwisho kwa Kiingereza changu kibovu, kwa heshima ya mgeni: "Mimi ndiye niliyetafsiri karatasi ya kesho. Nimekosea jina la bonde. Nimeandika Kabamba. Ni Kabumba. Naomba msitie sahihi mpaka niiandike upya na niwasomee yote kwa sauti."

Minong'ono. Mzee mmoja wa wafinyanzi akasema, "Na sisi tungepiga kidole tu." Mwingine akauliza kama kuna makosa mengine. Swali la haki kabisa. "Sijui," nikajibu. "Ndiyo maana tutasoma pamoja."

Nilikwenda ofisini Rohero kwa miguu, mchana wa jua kali, nikaiandika upya. Nilirudi na nakala nne. Tulikaa kwenye mabenchi mpaka jioni. Nilisoma sentensi ya Kifaransa, nikaigeuza Kirundi na Kiswahili, wakasema ndiyo au apana. Majina yote niliyarudisha kwa wenyewe. Tukapata kosa lingine: mwanamke mmoja alikuwa ameandikwa kwa jina la mume aliyemwacha zamani. Alicheka, akasema hilo ndilo kosa kubwa kuliko bonde. Mshauri, kwanza alikaa mlangoni amekunja mikono. Baadaye alivuta kiti, na yeye ndiye aliyependekeza tuongeze mipaka: mfereji upande mmoja, njia ya ng'ombe upande wa pili, ili hata jina likiharibika, bonde lisipotee. Nimemheshimu kwa hilo mpaka leo.

Asubuhi mkuu alifika, akauliza kwa nini karatasi ina kurasa tatu badala ya mbili, akaelezwa, akatia sahihi. Mama Venansiya alipiga kidole gumba chenye wino, akakipuliza kama mtu anayepuliza uji. Darlene alisimama nyuma yake, na nilipokwenda kumuaga alinikumbatia, akasema maneno ambayo sikuyatafsiri kwa mtu yeyote. Nayo siwaambii ninyi. Ni yangu.

Je, nilipoteza kazi? Wateja wawili waliondoka. Mmoja alisema wazi kwamba hawezi kumwamini mtu anayekiri mbele ya umma. Lakini wiki chache baadaye mawakili walianza kuja na karatasi zao wakisema, "Tunamtaka yule mama anayesoma kwa sauti." Nilifanya kazi hiyo kwa namna hiyo mpaka siku ya mwisho: hakuna karatasi iliyotoka mezani kwangu bila mwenyewe kusikia jina lake na jina la mahali pake kwa masikio yake. Ilinichelewesha. Wenzangu walimaliza kumi nikiwa na sita. Sijutii hata moja ya hizo sita.

Ninyi mna mashine zinazojua lugha nyingi kuliko mimi. Zitumieni, mimi pia nilifurahi taipu ilipoondoka. Lakini mashine nayo hutia kile inachokijua mahali pa kile isichokijua, na inafanya hivyo bila kuona haya, kama mimi na kamusi yangu. Muulizeni mwenye jina.

Misimu miwili baada ya ule mkutano, simu yangu ililia nikiwa nachambua mboga. Ilikuwa namba nisiyoijua, na nyuma yake kelele za watu na maji.

"Maman Goreth? Ni mi, Venansiya. Niko Kabumba. Kulikuja mutu mupya, mukubwa wa mupunga, anatuambia tutoke."

Nikaketi chini. "Mkamwambiaje?"

"Hatukusema kitu. Tulimupa karatasi."

"Halafu?"

"Alisoma. Akaangalia mufereji, akaangalia njia ya ng'ombe. Akasoma tena." Nilisikia akimwita mtu alete jembe. "Akaenda. Sisi tunachimba."